Mali Bila Daftari: Katalogi za Maktaba na Utafutaji wa Maandishi ya Tanga na Mrima

1. Utangulizi

Waswahili husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina asili ya duka na forodha, lakini maana yake inaihusu maktaba vilevile. Kitabu kilichomo rafuni bila kuandikwa mahali popote, au kilichoandikwa kwa jina ambalo msomaji hatalifikiria, kipo kwa mwenye rafu tu. Kwa mtafutaji hakipo. Daftari la maktaba ni katalogi, na historia ya katalogi ni historia ya njia ambazo watu wamezitumia kuifikia elimu iliyokwisha kuandikwa.

Mhadhara huu unaichunguza historia hiyo kwa kuyaangalia maandishi ya Kiswahili ya Tanga na ya pwani ya kaskazini ya Tanzania. Hoja yake ni kwamba katalogi imepita katika hatua tatu: kwanza ilikuwa orodha ya mali, kisha ikawa ramani ya rafu, na sasa ni chombo cha kutafutia ndani ya kompyuta. Katika kila hatua mafanikio yake yametegemea maamuzi ya lugha: jina lipi litangulie, tahajia ipi ifuatwe, neno lipi litumike kutaja mada. Kompyuta haikuyaondoa maamuzi hayo. Imeyaficha, na kwa kuyaficha imeyafanya yawe mazito zaidi. Kwa sababu hiyo suala la katalogi linawahusu wanaisimu kama linavyowahusu wakutubi.

Mfano utakaorejelewa mara kwa mara ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, uitwao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima 1307 A.H. Utenzi huu unasimulia vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vilivyoanza mwaka 1888, ambavyo viongozi wake mashuhuri walikuwa Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani. Ulichapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen, ukatoka tena mwaka 1960. Ni miongoni mwa masimulizi machache ya vita hivyo yaliyotungwa na mtu wa pwani mwenyewe. Mwanafunzi wa historia asipoupata, hubaki kwa sehemu kubwa na maneno ya upande ulioshinda. Hapo ndipo uzito wa suala hili unapoonekana.

2. Katalogi kama orodha ya mali

Neno faharasa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiajemi. Mwaka 377 wa Hijria, yaani 987 au 988 Miladia, Ibn al-Nadim wa Baghdad alitunga kitabu alichokiita kwa neno hilohilo, al-Fihrist, akaviorodhesha vitabu vya zama zake kwa kufuata fani: nahau, historia, ushairi, fiqhi, falsafa na nyinginezo. Utaratibu huo wa kukijua kitabu kwa fani yake na kwa silsila ya wanazuoni ndio uliotawala pia katika elimu ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki. Aliyetaka mswada fulani alijua nyumba ya kubishia hodi. Katalogi ilikaa vichwani mwa watu.

Njia hiyo ilitosha maadamu wasomaji walijuana. Udhaifu wake ni kwamba mwenye faharasa akifa, faharasa hufa naye, na warithi hubaki na makaratasi wasiyojua yanahusu nini. Udhaifu huo ulizidi wakati maandishi yalipoanza kusafiri. Mwishoni mwa karne ya 19 C.G. Büttner alichapisha Ujerumani barua na maandishi mengine ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na baada yake Carl Velten akaendeleza kazi ya kukusanya. Ernst Dammann, aliyefanya kazi Tanga katika miaka ya 1930, alikuja kutoa mwaka 1993 katalogi ya miswada ya Kiswahili iliyomo katika maktaba za Ujerumani. Kwa hiyo sehemu ya mali ya pwani iliandikwa katika daftari, lakini daftari lenyewe lilikuwa kwa Kijerumani na mbali na pwani.

Kwa Tanzania hatua kubwa ilikuwa ile ya J.W.T. Allen. Akiwa katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Allen alikusanya miswada ya pwani, na mwaka 1970 katalogi yake ya miswada na tepu za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu ilichapishwa Leiden. Kutajwa kwa tepu si jambo dogo. Utenzi ni utungo wa kusomwa kwa sauti na kusikilizwa, na katalogi iliyoweka sauti pamoja na karatasi iliutambua ukweli huo.

Ugumu wa kazi kama hiyo haufahamiki kwa aliyezoea kitabu cha chapa. Kitabu cha chapa huwa na ukurasa wa jina. Mswada wa utenzi mara nyingi hauna. Huanza kwa bismillahi na dua zinazofanana na za tenzi nyingine nyingi, na mtunzi akijitaja, aghalabu hujitaja karibu na mwisho. Anayeorodhesha hawezi kuangalia jalada akaendelea na safari. Hana budi kusoma utungo wote. Hata jina likipatikana, huenda yakawa mawili. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na mtu anayelijua jina moja tu anaweza kuamini kuwa hizo ni kazi mbili.

Juu ya hayo kuna suala la hati. Katika maandishi mengi ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu, herufi moja huweza kusimama badala ya b, p na mb. Alama moja ya irabu husomwa i au e, na nyingine u au o. Kulinukuu jina la utungo kwa herufi za Kirumi ni kulifasiri. Mnukuzi akikosea kipande kimoja, utungo huhamia mahali pengine katika alfabeti, na mtafutaji hana njia ya kujua kuwa umehama.

3. Jina la mwandishi kama kidahizo

Mwaka 1841 Antonio Panizzi wa maktaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza alitoa kanuni 91 za kuandaa katalogi. Nyingi kati yake zilihusu majina, kwa kuwa Panizzi alikwisha kutambua kwamba mwandishi mmoja akiandikwa kwa namna tatu atakuwa watu watatu. Tatizo hilo ni lilelile linalomkabili mtunzi wa kamusi anapochagua kidahizo.

Mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi anaandikwa Hemedi, Hemed au Hamed. Ukoo wake unaandikwa al-Buhriy, el Buhriy, el Buhry au Buhuri. Na jina lake kamili lina mlolongo wa mababu wanaounganishwa kwa bin. Katalogi moja itamweka chini ya B, nyingine chini ya H, nyingine chini ya A kwa sababu ya kiambata cha al. Sheikh Ali bin Hemedi wa ukoo huohuo, aliyeandika juu ya mirathi na nikahi, hukumbwa na hali hiyohiyo, na msomaji anayetaka kuona mchango wa ukoo mzima wa wanazuoni wa Tanga hulazimika kufungua droo kadhaa.

Shaaban Robert naye hakusalimika, ingawa aliandika kwa herufi za Kirumi na vitabu vyake vikachapishwa. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na Robert lilikuwa jina la baba yake. Katalogi zinazofuata desturi ya Ulaya humwandika chini ya R kana kwamba Robert ni jina la ukoo wa Kizungu. Wasomaji wake humwita Shaaban Robert bila kulikata jina, nao humtafuta chini ya S. Katika kazi yake ya mwaka 1958 alieleza maisha ya Siti binti Saad. Kanuni ya kugeuza jina ikifuatwa bila kufikiri, Siti hugeuka kuwa Saad, yaani baba yake.

Mwaka 1961 mkutano wa kimataifa wa wakutubi uliofanyika Paris ulikubaliana juu ya misingi ya katalogi. Mmoja wa misingi hiyo unasema kuwa jina lenye maneno kadhaa lipangwe, kadiri iwezekanavyo, kwa desturi iliyokubaliwa katika nchi ya mwandishi au katika lugha anayoitumia. Msingi huo ni wa haki, lakini una sharti ndani yake: desturi lazima iwe imekubaliwa na kuandikwa. Wenye lugha wasipoiandika, mkutubi wa London au Washington ataamua kwa niaba yao, na uamuzi wake utanakiliwa na maktaba za Dar es Salaam na Tanga.

4. Ramani ya rafu

Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alitoa mfumo wa kuainisha vitabu kwa namba, na mwaka huohuo Charles Cutter alieleza kazi ya katalogi kuwa ni kumwezesha mtu kukipata kitabu anachokijua kwa mwandishi, kwa jina au kwa mada, na kumwonyesha maktaba ina nini. Kuanzia hapo katalogi haikuwa tena orodha ya mali iliyomo. Ilikuwa ramani inayoonyesha kitabu kimekaa wapi na kimepakana na nini.

Ramani hiyo ilichorwa na mtu aliyesimama mahali fulani. Katika kundi la 400 la lugha, Kiingereza kilipewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na kuendelea hadi Kigiriki katika 480. Lugha nyingine zote za dunia zikabanwa katika 490, na lugha za Afrika katika 496. Kiswahili kipo katika 496.392, na fasihi yake katika 896.392. Katika kundi la dini, Biblia na Ukristo vilipewa sehemu kubwa ya namba kuanzia 220 hadi 280 na kitu, na Uislamu ukapewa 297.

Maktaba za umma za Tanzania zilirithi mfumo huo. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, na maktaba za mikoa, ikiwemo ile ya Tanga iliyoanza wakati wa ukoloni kwa jina la Mfalme George wa Sita, zikapangwa kwa namba za Dewey. Athari yake huonekana mtu anaposhika utenzi wa kidini wa pwani. Hemedi al-Buhriy alitunga pia Utenzi wa Kutawafu Nabii, juu ya kufariki kwa Mtume. Je, mahali pake ni 896.392 pamoja na fasihi, au 297 pamoja na dini? Kwa mtunzi na wasikilizaji wake swali hilo halikuwapo, kwani utungo ulikuwa vyote viwili kwa pamoja. Kwa mkutubi ni lazima lijibiwe, maana kitabu hakiwezi kukaa rafu mbili.

Kadi ndizo zilizoupunguza ukali huo. Kitabu kimoja kiliweza kuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina, na moja au zaidi za mada. Kulikuwa pia na kadi za kuelekeza, zilizoandikwa "tazama" au "tazama pia", zilizomtoa msomaji katika jina asilolikuta na kumpeleka kwenye jina lililotumika. Kadi iliyoandikwa "Buhuri: tazama Buhriy" ilikuwa kazi ya isimu iliyofanywa na mkutubi kwa mistari miwili.

5. Kutoka droo hadi kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Henriette Avram na wenzake katika Maktaba ya Bunge la Marekani walitengeneza muundo wa kuziandika kadi ili zisomwe na kompyuta. Maktaba zikaanza kunakiliana kumbukumbu badala ya kila moja kuandika zake. Mwaka 2015 ushirika wa maktaba wa OCLC ulichapa kadi zake za mwisho. Droo zikafungwa, na mahali pake pakaja kisanduku cheupe cha kuandikia neno.

Faida yake ni kubwa na haina haja ya kutetewa. Mtafiti aliyeko Tanga anaweza leo kujua kilichomo katika maktaba ya SOAS mjini London, ambako miswada ya Kiswahili iliorodheshwa katika mradi ulioanza miaka ya 2000. Hata hivyo namna ya kutafuta imebadilika. Msomaji wa kadi aliyevuta droo ya U aliziona "Utenzi wa" zote zimepangana, na macho yake yakakutana na asichokitafuta. Msomaji wa kompyuta huletewa kinacholingana na herufi alizoziandika, na asiyeletewa kitu hudhani hakuna kitu.

Taaluma ya utafutaji wa taarifa, iliyopewa jina hilo na Calvin Mooers mwaka 1950, hupima utafutaji kwa vipimo viwili: ni sehemu gani ya vinavyohusika iliyopatikana, na ni sehemu gani ya vilivyopatikana inayohusika kweli. Kwa Kiswahili kipimo cha kwanza ndicho kinachoumia, na chanzo chake ni mofolojia. Mifumo mingi ilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho mabadiliko ya neno huja hasa mwishoni. Kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980 hukata viambishi tamati ili kuufikia mzizi. Katika Kiswahili neno hubadilika kwanza mwanzoni. Anayetafuta tunga anahitaji pia mtunzi, watunzi, utunzi, utungo, tungo, alitunga na zilizotungwa. Kukata mwisho wa maneno hayo hakuyakutanishi, kwani yanaanza kwa herufi tofauti, na katika baadhi yake konsonanti ya mzizi yenyewe imegeuka kutoka g kuwa z.

Tatizo hili si jipya kwa wanaleksikografia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapanga maneno mengi chini ya mizizi, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilielekea kuyapa maneno mahali pake yenyewe katika alfabeti. Wala halikosi dawa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 mfumo wa kompyuta unaochanganua neno la Kiswahili hadi mzizi wake. Elimu ya kuufundisha utafutaji mofolojia ya Kiswahili ipo kwa zaidi ya miaka 30. Kinachotakiwa ni kuitia ndani ya katalogi za maktaba.

6. Maneno ya Mrima

Mofolojia ikitatuliwa hubaki msamiati. Mwanafunzi anayetaka kusoma juu ya upinzani dhidi ya ukoloni huko Tanga ataandika maneno aliyofundishwa shuleni: Wajerumani, pwani, upinzani, Tanzania, 1889. Jina la utenzi wa Hemedi halina hata moja kati ya hayo. Lina Wadachi, neno ambalo msomaji wa leo anaweza hata kudhani linawahusu Waholanzi. Lina kutamalaki badala ya kutawala. Lina Mrima, jina la pwani ya bara inayokabili visiwa, ambalo halimo katika ramani za utawala. Lina mwaka 1307 wa Hijria, ulioanza Agosti 1889 na kumalizika Agosti 1890, hivyo hauwezi kugeuzwa kuwa mwaka mmoja wa Miladia. Hata neno utenzi lina mwenzake wa kaskazini, utendi, na mashine isiyojua kwamba nd ya Lamu na Mombasa hulingana hapa na nz ya Unguja itawatenga ndugu hao wawili.

Hapa historia ya usanifishaji inagusa moja kwa moja historia ya katalogi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimika tahajia moja juu ya msingi wa Kiunguja. Bila tahajia moja kusingekuwa na alfabeti ya kupangia droo. Lakini lahaja za Mrima, kama vile Kimtang'ata cha kusini mwa mji wa Tanga, ambacho W.H. Whiteley alikichapishia uchunguzi mwaka 1956, zilibaki nje ya alfabeti hiyo, na maandishi yaliyobeba maneno yake hubaki nje ya kisanduku cha kutafutia. Dawa ni kuzirudisha kadi za "tazama" katika umbo jipya, yaani kumbukumbu inayolihifadhi neno la mswada kama lilivyo na kuliunganisha na neno sanifu, bila kulifuta la kwanza.

Gazeti la Kiongozi linaonyesha upande mwingine wa tatizo hilo. Lilianza kutolewa Tanga mwaka 1904 chini ya shule ya serikali ya Kijerumani, likaendelea hadi mwaka 1916, na kurasa zake zilibeba habari, barua na mashairi ya Waafrika, wengi wao walimu na makarani. Kwa katalogi ya kawaida yote hayo ni ingizo moja lenye neno moja: Kiongozi. Washairi wake hawana kidahizo. Baadhi ya mashairi ya zama hizo yalipata kuonekana yalipokusanywa katika Kala Shairi mwaka 2002, kazi ya Gudrun Miehe na wenzake. Yasiyokusanywa na mtu yanaendelea kusubiri orodha itakayoingia ndani ya gazeti na kutaja kila utungo, mtunzi wake, mji wake na tarehe yake.

7. Hitimisho

Mambo manne yanafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, wataalamu wa Kiswahili waandike desturi ya majina ya pwani ili msingi wa Paris upate cha kusimamia. Pili, itungwe orodha ya maneno ya mada yenye visawe vya lahaja na vya kale, ili Wadachi na Wajerumani wakutane. Tatu, katalogi za maktaba za Tanzania zipewe uwezo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Nne, miswada iliyomo majumbani Tanga, Pangani na kwingineko iorodheshwe mahali ilipo, kwa idhini ya wenyewe na bila kuwapokonya, kwa kuwa daftari halihitaji kumiliki mali ili kuiandika.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kufanywa na kompyuta peke yake. Kompyuta itatafuta kwa kasi yoyote itakayotakiwa, lakini itatafuta katika yale tu yaliyoandikwa, na kwa maneno yaleyale yaliyotumika kuyaandika. Hemedi bin Abdallah aliwataja katika utungo wake watu na miji ya vita ili wasisahauliwe. Kazi iliyobaki kwa wanaoilinda lugha yake ni kuhakikisha kwamba anayeuliza habari zao, kwa jina lolote atakalolitumia, atafikishwa kwake.